Anueni, Msiningoje

Bernadeta alipofariki, nyama ya baba yake ilikuwa bado juu ya uchanja inakula moshi. Watu huniuliza asubuhi ile niliwaza nini, na hutega sikio kana kwamba nitasema neno la maana. Niliwaza kwamba moto umefifia na moshi umekatika. Nikatoka, nikatia magome mabichi, moshi ukapanda, nikarudi ndani kukaa na mwanangu.

Ilikuwa surua. Mwaka ule ilipita nyumba kwa nyumba hapa Tura, na watoto wengi waliugua wakainuka. Wangu hakuinuka. Alikuwa na pengo mbele, anangoja jino la ukubwani, na ndiye mtoto pekee tuliyekuwa naye. Baba yake, Kornel, alikuwa mbali, kule walikokuwa wakifyeka msitu kupitisha reli mpya kutoka Kaliua kwenda Mpanda.

Habari ya nyama sina budi kuieleza, maana ndiyo iliyotuponza. Kabla Kornel hajaondoka, dume letu la ng'ombe lilivunjika mguu. Akamwita jirani Mwislamu alichinje, ili asibaki mtu wa kukataa kuila, na baada ya hapo hakuruhusu mkono wa mtu mwingine uguse kisu. Aliikata nyama mikanda mirefu kufuata nyuzi zake, akaisugua chumvi ya Uvinza, akaipanga juu ya uchanja uani, chini ya kibanda cha nyasi. Moto wake ulikuwa wa kuni za mti wa mtundu, nao haukutakiwa kuwaka. "Moto usinzie," alikuwa akisema. "Ukiamka, umepika. Mimi sipiki, nabanika." Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe mpaka Bagamoyo akarudi na miguu yake yote miwili, na katika ukoo ule huli kipande cha nyama kabla hujasimuliwa safari hiyo. Nyama ya babu, walisema, ilitoka Unyanyembe ikafika pwani haijaoza. Nilipoolewa nilicheka. Baadaye nikazoea.

"Nyama yangu asiianue mtu," Kornel alisema siku ya kuondoka. "Ninyi tieni moshi tu. Nitaianua mwenyewe nikirudi."

Bernadeta akaahidi kuilinda. Aliilinda kweli, kwa fimbo, dhidi ya paka.

Tulimzika bila baba yake, kwa sababu mwili haungoji. Lakini matanga yanangoja. Shemeji yangu Ambrosi, kaka mkubwa wa Kornel, alisema mbele ya watu wote kwamba hatutaanua matanga mpaka baba wa mtoto aje akae mkekani na kunyolewa nasi. Akaenda stesheni akamtafuta Abasi, mtu wa Tabora mjini aliyekuwa akifanya kazi kwenye gari la moshi, anayepita kwetu akienda Dodoma na kupita tena akirudi hadi Kigoma. Huko porini barua hazikuwa zikifika, kila kitu kilikwenda kwa mdomo. Abasi akaahidi kulifikisha neno Kaliua kwa bwana mmoja anayepeleka posho kambini kwa kina Kornel.

Basi tukakaa. Wanawake ndani, wanaume uani karibu na moshi. Sikulia. Shoga yangu Sikuzani alinifinya paja chini ya kanga akaninong'oneza kwamba watu wanatazama. Nikamwambia watazame. Si kwamba nilikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa sina kitu, nimekaa kama mtungi uliosahauliwa, mtu akiniletea uji ninakunywa, asiponiletea sikumbuki. Waliacha kuniita Mama Bernadeta. Wakaanza kuniita Veneranda, kwa huruma, na kila mara ilinichukua muda kujua anayeitwa ni nani.

Wanaume nao, unajua walivyo, wakikaa karibu na nyama hawawezi kunyamaza. Mmoja aliyewahi kuishi Shinyanga alisema moshi ni kuharibu, Wasukuma huanika juani na chumvi basi, nyama inakauka inatoa mlio. Mwingine alisifu Ugogoni, ambako mbavu huchomekwa vijiti na kusimamishwa kuuzunguka moto, mafuta yakidondoka. Abasi, gari lake lilipokuwa limesimama akaja kutupa pole, aliwaambia wote hawajala nyama. Mjini kwao huilaza kwenye ndimu na bizari, ikatungwa mshikakini, ikachomwa kwa makaa mpaka ukingoni ipate weusi kidogo. Wakabishana kwa sauti za msibani, za chini chini, kwa adabu. Niliwasikia wote. Sikukasirika hata kidogo. Nilijikuta ninawaza kwamba Kornel angekuwepo angewashinda.

Hakuna aliyeigusa ile nyama. Mboga ilituishia, tukala ugali kwa mlenda, na mikanda iko pale pale mbele ya macho yetu, kwa sababu mwenyewe alisema isianuliwe.

Nilimngoja. Hilo ndilo jambo pekee nililolijua katika siku zile. Nilijiambia kwamba akija, akikaa kwenye mkeka ule, nitapata pa kuanzia. Asipokuja, basi mimi si mke wa mtu, nitarudi kwetu Ndala. Nilimwambia Ambrosi hivyo waziwazi. Akasema, "Atakuja, shemeji. Ni mtoto wake."

Mvua za kwanza zikaanza. Abasi akarudi.

Alivua kofia mlangoni. "Shikamoo, kaka," alimwambia Ambrosi, na Ambrosi akaitika marahaba huku amekwisha kusimama. "Neno la Kornel nimelipata Kaliua. Yule bwana wa posho amenipa kama alivyopewa. Amesema hivi: Anueni, msiningoje."

"Basi?"

"Basi. Anueni, msiningoje. Mimi sikuongeza wala sikupunguza."

Watu wakatazama chini. Ambrosi aliuliza tena kama haji hata kuliona kaburi, Abasi akasema yeye amebeba alichobebeshwa. Alikuwa na haya kana kwamba maneno yale ni yake.

Hapo ndipo nilipohisi kitu, na kilikuwa hasira. Niliinuka. Nilitoka nje kwenye mvua nikaenda kibandani, nikaanza kuivuta mikanda ya nyama juu ya uchanja, mmoja mmoja, nikiitupa kwenye ungo. Sikuzani alinifuata akisema, "Alikataza." Nikamjibu kwamba mtu asiyemjia mtoto wake hana nyama ya kungojewa. Niliipiga kwa mchi, nikaichemsha na karanga, nikawapa watu wote. Walikula vizuri. Mzee mmoja alisema hajala nyama kama ile tangu ujana wake, kisha akakumbuka yuko wapi. Kesho yake tukanyolewa, mikeka ikakunjwa, matanga yakawa yameanuliwa. Mimi nikafunga furushi langu nikaliweka mlangoni.

Sikuondoka palepale. Nilitaka kumwona uso kwanza. Nilikuwa na sentensi moja ya kumwambia, nimeitengeneza nikiwa ninatwanga, nikichota maji, nikilala: Mwanao amezikwa na watu wenye haya kuliko wewe. Ilikuwa imekaa mdomoni tayari.

Alikuja alasiri moja akitokea stesheni kwa miguu, amekonda, mikono imechubuka, na shoka lake begani.

"Mama Bernadeta," aliita akiwa bado njiani.

Nilibaki mlangoni, karibu na furushi langu. Aliingia uani, akaweka shoka chini, na jicho lake likaenda moja kwa moja kibandani. Uchanja ulikuwa mtupu na majivu yamelowa.

"Afadhali mmeanua," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi. Nilipoona mawingu yanajikusanya kule, nikajua kibanda hiki kitavuja na nyama itaota ukungu. Nikamwambia bwana wa posho, ukifika Kaliua tuma neno kwangu Tura, waambie waanue, wasiningoje."

Nilimtazama. "Na neno letu?"

"Neno gani?"

"Tulilokutumia sisi, kwa Abasi."

"Sijapata neno. Huyo bwana hajarudi kambini tangu nimpe hilo neno langu, mvua imekata njia. Tumekula mahindi matupu mpaka tukaruhusiwa." Alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyefika kwake. "Leta kipande basi nionje. Mmeiweka wapi?"

"Imeliwa."

"Yote?"

"Yote."

"Dume zima? Nani alikuja hapa?" Hakukasirika kama nilivyomtarajia. Alikuwa anatania bado, anavua koti, anaangaza macho nyuma ya nyumba, kwenye njia ya kisimani, mahali pote ambapo mtoto angeweza kutokea. "Haya, na Bernadeta mlimbakizia? Au naye mlimnyima, baada ya kazi yote ile?"

Ile sentensi yangu ilikuwa bado iko mdomoni, na nilishindwa kuitema na nilishindwa kuimeza. Niliona aibu. Niliona pia kwamba hakuna mwingine pale wa kusema, Ambrosi yuko shambani, na kwamba mtu huyu ana muda mfupi sana uliobaki wa kuwa alivyo.

"Neno lako lilifika," nikasema. "Ulisema tuanue. Tukaanua matanga."

"Matanga ya nani?"

Nilivua kitambaa kichwani ili aone nilivyonyolewa, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema. Alikitazama kichwa changu. Kisha akauliza tena swali lile lile, safari hii kwa Kinyamwezi, kama tulivyokuwa tukizungumza wenyewe nyumbani. Kwa lugha yetu kuanua nyama kuna neno lake na kuanua matanga kuna neno lake, wala hayaingiliani. Nikamjibu kwa Kinyamwezi, nikamtaja mwanetu kwa jina.

Alikaa chini pale pale, kwenye majivu mabichi. Nami nikakaa. Alilia kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mpaka Sikuzani akatoka nyumbani kwake na kusimama kwenye ua bila kuingia. Nikamshika mkono, nikangoja machozi yangu nayo yaje.