Amehakikiwa

Dawa ya sakafu ilikuwa imemla vidole mpaka ncha zimekuwa laini na nyeupe, kama za mtu aliyekaa sana majini. Glavu kampuni iligawa jozi moja tu. Zilipotoboka, msimamizi alisema nyingine ziko njiani. Msichana akakamua tambara, akaendelea kupiga deki akirudi kinyumenyume kwenye korido ya ghorofa ya pili, kama mama yake alivyomfundisha.

Korido ilikuwa ya mama kwa miaka kumi na tisa. Mama alikuwa wa serikali. Alipokufa, idara haikuajiri tena. Usafi ulipewa kampuni, na kampuni ikamchukua binti kwa theluthi ya mshahara ule. Ndoo ni ile ile. Hata kitambaa ambacho mama alifungia mpini uliopasuka kilikuwa bado hapo, na fundo lake.

"Wa serikali leo wanahakikiwa," alisema mwenzake aliyesafisha ngazi, waliyemwita Chapchap kwa jinsi alivyokuwa mzito kutembea. "Wametumwa watu kutoka makao makuu, wanataka kumwona kila mtu kwa macho. Wenzetu bwana. Likizo wanalipwa, wakiugua wanalipwa. Nasikia hata ukifa unalipwa."

"Mama alikuja kazini na kikohozi chake mpaka wiki ya mwisho," msichana alisema. "Na mshahara ulikuwa unaisha tarehe tano."

"Uliisha kwa sababu ulikuwepo. Wangu hauna hata nafasi ya kuisha."

Wakacheka. Mlango wa masijala ukafunguka, karani mkuu akamwita kwa kidole.

Juu ya meza kulikuwa na koti la kazi la bluu, limepigwa pasi, namba ya ajira imeshonwa juu ya mfuko. Alilijua kabla hajaligusa. Alilirudisha mwenyewe wiki ya mazishi, pamoja na cheti cha kifo. Karani alikipokea kile cheti kwa mikono miwili na kumpa pole.

"Vaa," karani alisema. "Mama yako hajatoka kwenye orodha. Mambo ya karatasi, mwanangu. Jina likisomwa asiitike mtu, tutaonekana ofisi nzima wezi."

"Miezi kumi na moja, mzee? Kwa hiyo mshahara wake..."

Karani akafuta vumbi ambalo halikuwepo mezani.

"Umesoma mpaka wapi? La saba. Nani alimpigia simu mwenye kampuni akuchukue? Wenye vyeti wanaipigia foleni hiyo ndoo. Simu niliyopiga siku ile naweza kuipiga tena leo." Akamtazama usoni. "Mnafanana sana. Utaitika tu, basi."

Nyumbani kulikuwa na wadogo zake wawili na chumba cha kupanga. Akavaa. Mikono ya koti ilimfika pale pale kwenye vifundo. Mfukoni vidole vyake viligusa nusu ya peremende ya kikohozi, imefungwa tena vizuri ndani ya karatasi yake.

Ukumbini walijipanga watu wa bluu, karibu wote waliokuja mazishini. Mbele yake alikuwa dereva aliyeshika jeneza upande wa kichwa. Aligeuka, akaliona koti, kisha akamwona aliyelivaa. Akateremsha macho kwenye viatu vyake.

Majina yote matatu ya mama yakasomwa.

Karani akampa ishara kwa kidole.

"Nipo," alisema, na sauti ikatoka na mkwaruzo. Akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

Mhakiki akamwekesha kidole kwenye mashine. Taa nyekundu. Kingine. Nyekundu. Akavimaliza vyote kumi.

"Wewe wa usafi?"

"Ndiyo."

"Nyie wote vidole vimefutika. Mashine inasoma nini sasa?" Akatazama picha ya kwenye faili, akamtazama yeye. "Miaka arobaini na nane. Mbona unaonekana binti, mama?"

"Hela ya serikali hiyo, inatunza ngozi," karani alisema, akawa wa kwanza kucheka. Wengine wakamfuata. Dereva hakucheka.

Muhuri ukagongwa: AMEHAKIKIWA.

Alipovua koti na kupanda juu, msimamizi wa kampuni alikuwa amesimama karibu na ndoo, daftari mkononi.

"Nimepita saa nne, korido tupu. Ulikuwa wapi?"

"Chini, bosi."

"Chini wapi?"

Karani alikuwa anapanda ngazi. Akasimama, mkono juu ya reli, akisubiri naye kusikia.

"Chooni."

"Chooni dakika arobaini." Msimamizi akaandika mbele ya jina lake: HAYUPO. "Siku yako imekatwa."

"Lakini si nipo hapa, bosi?"

"Saa nne hukuwepo."

Akaondoka. Msichana akachovya tambara, akaanza upya, kinyumenyume, macho kwenye sakafu iliyolowa. Viatu vya karani vikaingia pale pale palipolowa, alama moja baada ya nyingine, vikimfuata. Juu ya viatu, ile sauti ya masijala ikaita jina la mama, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo.

"Abee," msichana akaitika.