Mpaka Ni Korongo

Mwololo aliteremka basi mjini, akatembea kwa miguu hadi mtaa wa Spring Valley, ambako dada yake Nzula alikuwa yaya kwa wazungu. Alimletea miwa kutoka Machakos. Munyiva, binti wa Nzula, alikaa mlangoni mwa chumba cha watumishi akaanza kutafuna.

"Jumamosi naapa kithitu," Mwololo alisema. "Wambua amekubali. Nitasema mpaka wetu naye ni korongo, basi."

Nzula aliweka pasi chini. Hakuna daktari aandikaye kithitu, kiapo cha Wakamba, kwenye cheti cha kifo. Hata hivyo Nzula, aliyeimba kwaya kila Jumapili, aliamini kama kwao wote walivyoamini: aapaye uongo hufa, kisha hufa wanaokula vya shamba lile, watoto kwanza.

"Korongo lipi?"

"Kwani yako mangapi? Umekaa na wazungu mpaka umesahau kwenu?"

"Nauliza la baba ama la sasa."

Enzi za baba yao, mtoto aliweza kuliruka. Baadaye miti ya mlimani ilikatwa kuchomwa makaa, na maji yakashuka kwa nguvu. Mwololo alipanga mawe na matawi upande wake tu. Maji yakapinda, yakala shamba la jirani yao Wambua kila msimu wa mvua. Yalipohama pakajaa mchanga, na hapo Mwololo akapanda miwa.

"Nitakuwa nimesema kweli," alisema. "Mpaka ni korongo. Kithitu hakiulizi zamani lilikuwa wapi."

"Wewe umekiuliza?"

Mwololo alivua kofia, akaikung'uta vumbi.

"Basi chimba kwanza kwenye miwa," Nzula alisema. "Baba alipanda mkonge ukingoni mwa lile la zamani. Ukikosa visiki, apa."

"Nilishavikuta." Sauti yake ilishuka. "Jembe liligonga. Nikafukia."

Nzula aliinuka, akamnyang'anya mtoto muwa na kumtia kidole mdomoni kutoa makapi. Mtoto alilia.

"Mwambie Wambua."

"Wazee wameshaitwa. Nikirudi nyuma nitaitwa mwizi."

"Na usiporudi?"

Mwololo alimtazama Munyiva akijipangusa kidevu. "Amemeza?"

"Bado hujaapa," Nzula alisema, ingawa hakujua kama hilo lilitosha.

Kaka yake aliweka kofia magotini.

"Omba ruhusa kazini, mama Munyiva. Uje tusimame pamoja nikimwambia Wambua. Nikiwa peke yangu nitaapa."