Ubao Ulioandikwa Msifute

Se-rin alikuwa anachora mstari wa nchi ya pili kwenye mchoro wa biashara, rula ameibana kwa vidole viwili, baba yake alipoingia darasani kwa mlango wa nyuma. Alivua mabuti ya mpira akayaacha mlangoni, akapita katikati ya viti kwa soksi zenye udongo, akainamisha kichwa mbele ya Profesa Maeng. Mkononi alikuwa na jembe dogo la kung'olea vitunguu saumu.

"Samahani kwa usumbufu, Profesa. Napita tu."

"Pita, mzee, pita," alisema Profesa, akasogea kumpisha, kisha akaendelea kueleza.

Mzee Ok, baba yake Se-rin, akatoka kwa mlango wa mbele. Alikuwa anahama kutoka kilimo kwenda elektroniki.

Mambo hayo yalianza Machi, wiki ya kwanza ya somo la Uchumi wa Kimataifa, Profesa alipoandika juu kabisa ya ubao: *Tuchukulie kwamba wafanyakazi huhama kutoka sekta moja hadi nyingine bila gharama.* Asubuhi ileile, kisiwani Namhae, Mzee Ok alijikuta anaacha tuta katikati na kushika njia ya Busan, jiji la viwanda alikosoma binti yake. Kwa kuwa agizo lilikuwa ubaoni, njia nayo ilipitia darasani. Mara ya kwanza alipelekwa kutengeneza vipodozi, mara ya pili kuunda meli. Ubao ulipofutwa alikuwa shambani tena. Se-rin alikuwa kiongozi wa darasa na kazi ya kufuta ilikuwa yake, kwa hiyo alifuta kabla wenzake hawajanyanyuka.

Lakini sasa ilikuwa Juni. Vitunguu vilikuwa vimekomaa, na mvua ndefu za majira ya joto zilitazamiwa wiki ijayo. Kitunguu saumu kilichokomaa kikinyeshewa ardhini huoza. Mama alikuwa peke yake na magoti yake mabovu. Se-rin alitaka kitu kimoja, baba arudi wavune.

Kipindi kilipokwisha alishika kifutio. Profesa alikuwa ameizungushia ile sentensi chaki nyekundu na kuandika pembeni: *Msifute.*

Katika idara ile hakuna aliyewahi kufuta kilichoandikwa Msifute. Chumba cha chini kilikuwa na maandishi ya namna hiyo ya profesa aliyestaafu zamani, na wahadhiri waliandika kuyazunguka.

"Usithubutu," alisema kaka Pyo, aliyerudi chuoni kutoka jeshini na kujiona babu wa darasa. "Hiyo iko kwenye mtihani."

"Baba yangu yuko kiwandani, kaka."

"Si ndiyo vizuri? Mshahara wa huko mnono. Mwambie atuchomee nyama."

"Hawamlipi. Anahama kila siku, kwa hiyo kila siku ni siku yake ya kwanza."

"Ana bahati. Siku ya kwanza hutumwi."

Se-rin alikwenda ofisini kwa Profesa na shada la vitunguu ambalo mama alimpa. Profesa aliirudisha nyuma mikono yake.

"Sheria, Se-rin. Hata kopo la kahawa sipokei." Hata hivyo alivuta harufu yake kidogo. "Dhana hii ni ya mwaka wa pili. Mwaka wa nne tunailegeza."

"Mvua ni wiki ijayo, Profesa."

"Naelewa. Lakini nikiitoa, mchoro haufungi. Faida ya nchi nzima ni kubwa kuliko hasara ya mzee wako. Walionufaika wanaweza kumfidia."

"Nani atamfidia?"

"Nadharia inasema wanaweza," alisema Profesa kwa upole. "Haisemi nani."

Jioni ile Se-rin aliifuta sentensi, pamoja na Msifute yake, kisha akapiga simu nyumbani.

"Amerudi?"

"Alitokea kwenye tuta la mwisho, bila viatu," alisema mama. "Akang'oa viwili vitatu, akaondoka. Hata maji hakunywa."

Se-rin alielewa. Darasa zima lilikuwa limeupiga picha ubao. Yeye mwenyewe alikuwa ameinakili sentensi kwa wino wa bluu na kuipigia mstari kwa rula. Aliuchana ukurasa ule. Kesho yake baba alipiga simu kusema amefika hadi kituo cha basi cha Namhae kabla miguu haijageuka.

Basi akawaomba wenzake wafute nakala zao, mmoja mmoja. Walimsikiliza kwa adabu.

"Nikifuta mimi na wengine wasifute, C ni yangu," alisema kaka Pyo. "Alama zinagawanywa kwa kushindana, unajua mwenyewe. Mpe mzee pole zangu."

Siku ya mtihani swali la kwanza lilitaka dhana inayofanya nchi zote mbili zinufaike. Kalamu zilianza kukwaruza chumba kizima. Mlango wa nyuma ulifunguka, na Mzee Ok akapita kwa soksi. Alipofika kwenye dawati la binti yake aliinama.

"Andika, mwanangu. Usipoteze maksi kwa ajili yangu. Huko nishazoea, wamenipa na kofia ya kufunika nywele."

Msimamizi aliweka kidole mdomoni mwake kumnyamazisha. Mzee Ok aliomba radhi, akatoka kwa mlango wa mbele.

Se-rin aliliacha swali la kwanza tupu. Alijibu mengine, akakabidhi karatasi, akayachukua mabuti mlangoni, akayatia kwenye mfuko wa plastiki na kupanda basi la Namhae.

Alimkuta mama amekaa kwenye kiti chake cha sponji kilichofungwa kiunoni, anasogea nacho tuta kwa tuta. Se-rin alishika tuta la pili. Waling'oa, wakakung'uta udongo, wakafunga mia mia kama ilivyo desturi. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi mabegani mwa mlima. Baba alipiga simu mara moja, akasema wanalalamika kiwandani kwamba mikono yake inanuka, kisha akauliza wamefika wapi.

"Hata nusu hatujafika," alisema Se-rin.

Giza lilipoingia visu vyao vilianza kukata vitunguu badala ya mizizi.

"Acha hapo," alisema mama. "Vilivyobaki kesho."

Se-rin akayatoa mabuti ya baba mfukoni, akayasimika ukingoni mwa tuta mahali baba alipozoea kuanzia, soli juu, ili mvua ikija usiku yasijae maji.