Taa ya Kumi na Mbili

Fundi Meno, mtengenezaji wa meno ya bandia, alikuwa na miezi saba hajala mezani kwake. Pale mezani ilitanda meli ya angani, ile kubwa ya filamu za Wachimba Mwezi, vitofali vya plastiki elfu tatu na ushee, na familia nzima ilikula sahani zikiwa mapajani. Mkewe alivumilia weee, mwisho uzalendo ukamshinda. Akamwambia Jumamosi kuna maonyesho maktaba: ikipokelewa, itakaa kwenye kabati la kioo mwaka mzima, watu waione, ikikataliwa, jioni hiyohiyo inabomolewa na kurudi kwenye boksi.

Sharti la maonyesho lilikuwa moja tu: kila kipande cha seti kiwemo ukumbini.

Basi Ijumaa fundi alikuwa akimalizia taa za kwenye paji la meli, kumi na mbili, nyeupe kama maziwa, na papo hapo akimtengenezea mama mkwe meno yake, maana gego moja lilikuwa limechomoka. Taa kwenye kisosi, meno kwenye kisosi, yeye katikati anapiga mluzi, raha mustarehe. Taa ya mwisho ikagoma kushika. Mtu mwingine angejiuliza kulikoni. Lakini hawa watu wa meno wakiona kitu kinalegea hukipaka nta, hata kiwe mguu wa kiti. Akapaka nta, ikashika, akamshukuru Mungu.

Jumamosi mkutubi, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni, akaikagua meli huku ameshika kitabu cha maelekezo. Mabawa, sawa. Injini, sawa. Fundi alimfuata nyuma kwa ncha za vidole. Kwenye taa mkutubi akainama, akavaa miwani, akainama tena.

"Hii ya kumi na mbili ni nini?"

"Taa," fundi akasema.

"Mbona ina vilima juu?" Akaibandua kwa ukucha, akaigeuza kiganjani. "Baba, hili ni gego."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi alijua mara moja taa yake iko wapi. Ilikuwa imekaa kiti cha mstari wa mbele, kinywani mwa mama mkwe, imegandishwa kwenye ufizi wa plastiki kwa ustadi ambao hajawahi kuufikia tena.

Na huyo mama mkwe usimwone hivyo. Si mtu wa kumwendea tu. Sasa utamwambiaje mkweo afungue kinywa mbele ya kadamnasi, akuvulie meno? Mkewe alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, akaelewa kila kitu, akageukia ukutani mabega yakimtikisika.

"Nakupa dakika kumi," mkutubi akasema. "Kipande kikionekana, naipokea."

Fundi akamwendea mama mkwe, akainama kwa adabu zote. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Si ulishaniamkia asubuhi?"

"Lile jino, Mama. Linakukaa vizuri?"

"Vizuri mno. Jana nimetafuna karanga, miaka mingapi sijagusa karanga."

Hapo fundi akanyooka, akamrudia mkutubi. "Andika kimepotea," akasema. "Nitaibomoa leo." Machozi yakamlengalenga, mtu mzima na ndevu zake.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote, na mjinga si yeye. Akapitisha ulimi kwenye lile jino, taratibu, akapitisha tena. Kisha akainuka, akaweka mtandio sawa, akaenda mpaka mezani.

"Sharti linasema kipande kiwe wapi?" akamuuliza mkutubi.

"Kiwemo ukumbini."

"Kimo." Akaachama kinywa chote, akaelekeza kidole.

Mkutubi akamulika kwa tochi ya simu, akalinganisha na picha kitabuni, akamulika tena. Hakucheka, ila mdomo ulimpa kazi kuufunga. "Ya kumi na mbili, sawa," akasema, akagonga muhuri.

"Jumatatu atakuja na koleo lake abadilishe," mama mkwe akamwambia. "Leo niachieni."

Siku ile watu walitazama taa kumi na moja kwenye meli, halafu wakapanga foleni mbele ya kiti cha mama mkwe kuona iliyobaki. Akawafungulia wote, wakubwa kwa wadogo, akimweleza kila mmoja: meli hii kaijenga mwanangu, miezi saba, kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama," mkewe fundi akamnong'oneza, "huyo ni mkweo. Mwanao ni mimi."

Fundi alikuwa nyuma yao, ameshika kitambaa cha kufutia kioo, hapumui.

"Nimesema mwanangu," mama mkwe akajibu, akamfungulia kinywa aliyefuata.