Aliyefungwa Getini

Fundi saa hakutaka mbwa wa pili. Aliyemtaka ni mkewe, mwalimu wa chekechea. Tangu watoto wao waoe na kuhama, alikuwa akimwona mbwa wao jike amejilaza mlangoni kutwa nzima, hana wa kucheza naye. "Apate mwenzake," alisema kila jioni, mpaka mumewe akachoka kubisha. Lakini aliposema wataenda kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa, nyuma ya kiwanda cha matofali, fundi alianza kubisha tena.

"Kwa nini huko? Mbwa wako tele mjini."

"Huko ndiko waliko wasio na watu," alijibu mkewe, akavaa viatu.

Mtunzaji wa makao, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira, aliwakaribisha ofisini akawapa fomu. Fundi aliijaza. Palipoulizwa kama wamewahi kuwa na mbwa mwingine na ikawaje, aliandika: Mmoja. Aliugua, akafa.

Mkewe alikuwa akitazama picha zilizobandikwa ukutani.

"Huyu mbona kama Komba wetu? Hebu njoo uone. Sikio limechanika vilevile."

"Mbwa hufanana," alisema fundi, macho kwenye fomu.

Mtunzaji akasogea. "Huyo tulimkuta amefungwa getini, miaka minne sasa. Alikuwa haoni kabisa. Walimfunga kwa mkanda wa begi, wa kijani. Tulikaa naye mwaka na nusu mpaka akafa. Gari likisimama tu nje, anainuka, anajigonga huku na huku mpaka afike getini, ananusa, halafu anarudi kulala."

Mwalimu alimgeukia mumewe.

"Mkanda wa begi lako la vifaa," alisema polepole. "Ulisema umekatika, nikakushonea mwingine. Na Komba ulisema daktari amemchoma sindano. Ulisema umemzika."

Miaka yote hiyo fundi alikuwa akijiambia kwamba alimwonea mbwa huruma, kwamba sindano ingekuwa ukatili. Sasa, mbele ya mama wa watu asiyemjua hata jina, maneno hayo aliyaona ya uongo.

"Nilichoka kupangusa mikojo," alisema mwishowe.

Hakuwa na pa kuuweka uso. Aliukumbuka mchana ule, alivyotembea haraka kuelekea kwenye gari bila kugeuka nyuma, na Komba asibweke hata mara moja, kwa sababu alidhani bwana wake anarudi.

"Na huyu wa nyumbani akizeeka?" aliuliza mkewe.

Mtunzaji alimsogezea fundi kalamu. "Andika ilivyokuwa, mzee."

Vidole vilivyozoea kushika skrubu ndogo kama punje ya mchanga viliishika kalamu. Alikata mstari wa kwanza, akaandika chini yake: Nilimwacha hapa getini.

Alidhani wangefukuzwa, na moyoni alitamani iwe hivyo. Lakini mkewe alivuta kiti. "Mimi naweza kupewa?"

"Wewe, mama, naweza kukupa. Kwa jina lako."

Mwalimu akamchagua dume mzee, mwenye mvi mdomoni, ambaye kwa miezi minane hakuna aliyemuulizia. Alitia sahihi peke yake. Njiani alikaa kiti cha nyuma na mbwa wake, fundi akaendesha mbele kama dereva wa kukodiwa.

Wiki nyingi zilipita mwalimu akiwatembeza mbwa wote wawili mwenyewe, bila kumwalika mumewe. Ndani walisalimiana, wakala, wakaulizana habari za watoto, basi. Fundi hakuthubutu kulalamika. Asubuhi moja ya Jumapili mkewe alisimama mlangoni, amevaa kofia yake ya jua, akamnyooshea kamba ya yule jike.

"Twende," alisema.

Ya yule dume mzee alibaki nayo mwenyewe.