Bango Lililoanikiwa Pilipili

Kijijini kwetu Korea, karibu na mji wa Andong, mtoto akichaguliwa chuo chenye jina, bango la kitambaa hufungwa kwenye nguzo mbili za njia panda, jina lake na la baba yake kwa maandishi makubwa. Binamu yangu Taegyu, mwana wa kaka yake Baba, alipopata chuo kikuu kimoja cha Marekani, chenye wanafunzi elfu arobaini na uwanja wa mpira unaoonyeshwa kwenye televisheni, bango lake lilikaa mpaka jua likalipausha.

Mwaka uliofuata nikachaguliwa mimi, chuo kidogo cha Ohio, hukohuko Marekani, katikati ya mashamba ya mahindi, mahali ambapo mtu anasoma fizikia asubuhi na falsafa mchana, na mwalimu anakujua kwa jina. Baba hakuwa amewahi kumwomba kaka yake kitu. Siku hiyo alikwenda kumwomba bango, kwa kuwa Baba Mkubwa Gwangsik ndiye mwenyekiti wa ukoo wetu wa Maeng na nguzo zile anaziona kama zake.

"Tuandike nini sasa?" Baba Mkubwa alicheka mbele za watu. "Wanafunzi elfu mbili? Hiyo si chekechea? Chuo chenyewe hata dereva wa teksi hakijui. Watu watadhani binti yako kaenda kujifunza kushona."

Baba akatengenezesha bango lake mwenyewe, akalifunga alfajiri. Kufika mchana halikuwepo. Nilikuja kuliona mwezi wa nane uani kwa Baba Mkubwa, limetandikwa chini, pilipili zake nyekundu zimeanikwa juu ya jina langu. Baba naye aliliona. Aliinama, akamsaidia kaka yake kuzigeuza pilipili. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Baba Mkubwa siku ile, na wala sikutaka chuki hiyo iniishe.

Miaka ikapita. Sasa nafanya kazi Seoul, na chuo changu kimenipa jukumu la kuwahoji vijana wa Korea wanaoomba nafasi. Mwaka jana, kabla ya sikukuu ya mavuno, nikabishiwa hodi. Baba Mkubwa, na sanduku la mapeasi mikononi.

"Yeonju mwanangu," alisema, akakaa ukingoni mwa kiti. "Juzi umemhoji Sorim wetu. Mshauri wa masomo kule Gangnam kwa matajiri kaniambia wenye nazo wote siku hizi wanapeleka watoto vyuo kama chako. Taegyu mwenyewe anasema profesa wake alikuwa akimwona kwenye skrini tu. Mbona hamkutuambia?"

"Baba aliwaambia. Kwa bango."

Akalisogeza sanduku la mapeasi kwangu. Sorim, kitinda mimba wake, ni msichana mwenye akili kali na hana hatia yoyote. Nilikuwa nimeshamsifu kwa moyo wote, na maoni yangu yalikuwa yamefika Ohio. Sikumwambia baba yake. Nilimenya peasi lake moja, nikala taratibu huku ananitazama.

"Lile bango bado lipo?"

"Lipi?"

"La pilipili."

"Lipo ghalani," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi lifunge siku ya sikukuu, ukoo wote ukiwa umekuja kuzuru makaburi ya mababu. Ulifunge wewe mwenyewe."

"Mwanangu, nina miaka sabini."

"Ngazi nitaishika mimi."

Siku ikafika. Magari ya ndugu kutoka Seoul na Busan yalisimama njia panda, watu wakashuka kumtazama mwenyekiti wao akipanda na kamba mdomoni. Kitambaa kilikuwa na madoa mekundu juu ya jina langu na la Baba.

"Yeonju kapata nini tena?" shangazi mmoja akauliza.

"Hajapata kitu," nilimjibu. "Ni la zamani, lilicheleweshwa."

Taegyu aliangalia viatu vyake. Baba Mkubwa akashuka anahema, shati limelowa. Nilijua Baba angesema inatosha. Baba ni mtu wa kummiminia kaka yake pombe kwa mikono miwili na kugeuza uso kwa heshima anapokunywa mbele yake. Alisimama akilitazama lile bango muda mrefu.

"Kaka," alisema, "limepinda upande wa kulia. Panda tena."

Nikaishika ngazi, na Baba Mkubwa akapanda.