Andika Anga Kwanza

Barua ililetwa Jumanne, imekunjwa mara nne, ndani ya mfuko wa shati la Yonasi, mtendaji wa kijiji. Bibi Tusekile alikuwa kwenye kitalu cha miche ya kahawa nyuma ya nyumba, yeye na wajukuu wake wawili, wakihesabu viriba, vile vifuko vya udongo vya kupandia miche.

"Mistari mingapi?" alikuwa anauliza.

"Kumi na miwili," akajibu Gwalugano, msichana wa miaka kumi.

"Na kila mstari una viriba vingapi?"

"Tisa." Huyu ni Lusungu, mdogo wake wa miaka saba. Alikuwa amevihesabu kwa kuvigusa, na udongo ulikuwa umempanda mpaka viwikoni.

"Haya, nipeni jumla. Na msianze kuhesabu kimoja kimoja kama kuku anayedonoa."

Yonasi alisimama pembeni mpaka Gwalugano alipotaja mia moja na nane. Ndipo akatoa barua, akaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi. Mimi nimetumwa tu."

"Marahaba. Mtu akianza kwa kusema ametumwa tu, ujue alichobeba si kitumbua."

Aliifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi mweusi sikio la kushoto, akasoma polepole. Alitakiwa afike ofisi ya kijiji Alhamisi saa tatu asubuhi, bila kukosa, kwa kosa la kuwaficha wanafunzi wawili nyumbani na kuwatumikisha shambani saa za masomo. Chini ilikuwa sahihi ya Mwalimu Rabson, mwalimu mkuu.

Akairudia kutoka juu. Alipofika pale palipoandikwa "kuwaficha", akaweka kidole juu ya neno lile.

"Yonasi, mwanangu. Nani alimfukuza huyu mtoto shuleni?"

Yonasi akatazama viatu vyake. "Bibi, wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Daftari la mahudhurio lina mashimo mawili, na mashimo yanataka maelezo. Mwalimu anasema ukikubali kosa, mambo yanaisha na Gwalugano anarudi darasa la nne. Ukikataa, anamfuta jina. Mtoro."

"Mtoro," alisema Bibi Tusekile. Alilitamka kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali.

Ukweli wa jambo hili kila nyumba ya kijiji kile iliujua. Gwalugano alikuwa na kifafa. Mwishoni mwa Agosti, baridi ya milima ya Ileje ilipokuwa inaanza kulegea, alianguka darasani katikati ya somo la sayansi. Mwalimu wa zamu aliwaamuru watoto wote watoke nje, wasije wakaguswa na povu. Wakatoka, na yeye akatoka nao. Mtoto akabaki peke yake sakafuni, kichwa kinagonga mguu wa dawati, mpaka Lusungu wa darasa la kwanza alipopenya katikati ya miguu ya wakubwa, akaingia, akamgeuza dada yake ubavu kama alivyoona bibi akifanya. Mtoto wa miaka saba. Watu wazima wanne walikuwa dirishani wakitazama.

Kesho yake Bibi Tusekile alimpeleka Gwalugano shuleni mwenyewe. Mwalimu Rabson alimpokea hukohuko getini, hakumkaribisha hata kivulini. "Mama, huyu akae nyumbani mpaka apone," alisema. "Anawatisha wenzake." Hakuandika popote. Maneno yake yalipeperuka na vumbi la Agosti, naye akarudi ofisini kunywa chai.

Basi Bibi Tusekile akafungua shule yake. Alikuwa amemaliza la saba zamani, enzi za kufuta ubao kwa majani ya mgomba, na alichofundishwa alikuwa hajakisahau. Mlango wa stoo ulipakwa masizi ukawa ubao, na chaki ikawa kipande cha muhogo mkavu. Ketrina, binti yake na mama wa watoto, anayeuza viatu vya mitumba Tunduma, alileta madaftari mwisho wa mwezi na vidonge vya kliniki, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Somo la kwanza kila siku lilikuwa moja. Gwalugano aliandika tarehe, chini yake anga likoje, chini yake kipi kimechipua, ndipo habari ya siku. Hivyo ndivyo mwalimu aliyemfundisha Bibi Tusekile alivyokuwa akiwaanzisha wanafunzi. Alikuwa akisema mtoto asiyejua leo kuna mawingu au hakuna atajifunza nini kingine.

Ndivyo majira yote ya kuchipua yalivyoingia kwenye daftari. Mti wa mfyulisi ulitoa maua ya rangi ya waridi kabla ya majani. Miyombo ya mlimani ikavaa majani mekundu, Lusungu akabisha kwamba majani ni ya kijani tu, akapelekwa mlimani kwa miguu akayaone. Miparachichi ikaangusha maua. Mvua ya kwanza ikaja na kumbikumbi, wakawahesabu makumi kwa makumi kabla ya kuwakaanga.

Majirani walitania. "Nasikia umefungua shule, Mama Ketrina," Marita wa nyumba ya chini alimwambia siku moja kisimani. "Sare yenu rangi gani?"

"Rangi ya vumbi. Na wewe ukitaka kurudia la pili, nafasi ipo."

Marita alicheka mpaka akamwaga maji. Lakini sasa, na barua ile mkononi, hakuna aliyekuwa anacheka.

Alhamisi walikwenda watatu, bibi na wajukuu wake. Ofisi ya kijiji ilikuwa na meza moja, benchi moja na kalenda ya mwaka uliopita. Mwalimu Rabson alikaa nyuma ya meza, Yonasi pembeni yake. Juu ya meza kulikuwa na karatasi iliyochapwa tayari, na kando ya karatasi kiboksi kidogo cha bati, kifuniko wazi, wino wa zambarau unang'aa.

"Karibu, mama," alisema mwalimu. "Hatutakuchelewesha. Weka dole gumba hapo chini, mambo yaishe kwa amani."

Bibi Tusekile alikitazama kile kiboksi. Barua aliyoletewa Jumanne ilikuwa na mistari tisa, naye alikuwa ameisoma yote. Watu hawa walimwandikia barua, halafu wakamwandalia wino wa mtu asiyejua kusoma.

Akavaa miwani. Akaivuta karatasi, akaisoma kwa sauti, bila haraka, akitua kila penye nukta.

"'Mimi, mlezi wa wanafunzi waliotajwa hapo juu, nakiri kwamba niliwaficha nyumbani kwa hiari yangu. Nakiri kwamba niliwatumikisha kazi za shamba. Naomba radhi kwa uongozi wa shule.'" Akaiweka chini. "Mwalimu, nani kaitunga hii?"

"Ni utaratibu tu, mama."

"Utaratibu una mkono ulioandika. Gwalugano, toa daftari."

Msichana akalitoa kwenye mfuko wa nailoni. Jalada lilikuwa limekwisha, limeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Bibi Tusekile akalifungua ukurasa wa kwanza, akalisukuma mezani.

"Soma kwa sauti. Shuleni kwetu tunasoma kwa sauti."

Mwalimu Rabson akacheka kidogo, akamtazama Yonasi. Yonasi hakucheka. Mwalimu akasoma. "'Tarehe ishirini na nane Agosti. Anga: ukungu umeondoka, jua kali. Kilichochipua: mfyulisi una maua, hauna majani. Habari ya leo...'" Akanyamaza.

"Endelea."

"Haya ni maandishi ya mtoto tu, mama."

"Endelea, mwalimu."

"'Habari ya leo: Jana nilianguka darasani. Leo mwalimu mkuu amemwambia bibi nikae nyumbani mpaka nipone. Ananiona nawatisha wenzangu. Mimi sikutaka kuwatisha.'"

Nje, pikipiki ilipita ikipanda kilima. Ilisikika mpaka ikapotea.

"Mtoto anaweza kuandika lolote," alisema mwalimu hatimaye.

"Anaweza. Funua basi. Kila siku ya shule ina ukurasa wake, kuanzia siku hiyo hadi leo asubuhi. Au unadhani nilimwandikisha uongo Agosti kwa sababu nilijua mtaniita Novemba? Mimi ni bibi, si mganga."

Mwalimu akafunua. Labda alitafuta pa kushika. Akasimama kwenye Septemba, akaweka kidole pembeni mwa ukurasa, palipokuwa na alama nyekundu ya X.

"Naona hapa mwanzoni alikuwa anakosa sana," alisema kwa sauti ya ualimu. "Kosa hapa, kosa hapa. Ndiyo hasara ya kusoma nyumbani, mama. Hamna mtaalamu."

Bibi Tusekile alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Uvumilivu wake ulikuwa mrefu, lakini haukuwa kamba ya kufungia kila mbuzi.

"Hayo si makosa, mwalimu," alisema. "Hizo ni siku alizoanguka. Muuguzi wa kliniki alituambia tuweke alama. Hesabu mwenyewe, wewe ni mtaalamu. Septemba ziko nne. Oktoba iko moja. Novemba fungua, utafute."

Mwalimu alifungua Novemba. Alitafuta kweli, ukurasa kwa ukurasa.

"Ulisema mpaka apone," Bibi Tusekile aliendelea. "Wakati wewe unasubiri apone, kuna siku moja ulimtuma mtu aje kuuliza hali yake? Mwendo ni mita mia nane toka getini kwako hadi kwangu, Lusungu ameupima kwa hatua. Hukutuma hata mtoto. Ila wakaguzi wanapokuja, njia unaijua."

Yonasi akakohoa. "Bibi ana hoja, mwalimu."

Mwalimu Rabson akajifuta kipaji cha uso. Kisha macho yake yakatua kwa Lusungu, na mgongo wake ukanyooka. "Na huyu? Huyu haanguki. Huyu sikumzuia mimi. Huyu amekosa miezi mitatu kwa nini?"

Bibi Tusekile alimvuta Lusungu karibu yake. Lilikuwa swali la haki, na hakupenda kwamba limetoka kwenye mdomo ule. Siku ya pili baada ya dada yake kuzuiwa, Lusungu alikuwa amerudi toka shule na shati limechanika. Wavulana walikuwa wanajiangusha chini mbele yake na kutoa mate, wakimwigiza dada yake, naye akawavamia watatu kwa mpigo. Kesho yake hakutaka kwenda, na bibi yake, kwa hasira, akamwambia asiende.

"Huyu ni kosa langu," alisema. "Nilikasirika, nikamzuia. Hilo nitalitia sahihi. Nipe kalamu."

"Dole gumba linatosha, mama."

"Kalamu."

Yonasi akampa yake. Bibi Tusekile akaivuta ile karatasi iliyochapwa. Palipoandikwa "niliwaficha", akakata, akaandika juu kwa mwandiko wake wa kulala: "nilimzuia Lusungu peke yake". Sentensi ya kuwatumikisha akaikata yote kwa rula ya Gwalugano, mstari umenyooka. Pa kuomba radhi akaandika, "Namwomba radhi Lusungu." Kisha akaweka jina lake lote, Tusekile Mtafya, na tarehe. Akafunika kile kiboksi cha wino, kikalia tak.

"Sasa zamu yako," alisema, akalisukuma daftari mbele ya mwalimu, ukurasa mweupe. "Agosti uliongea kwa mdomo. Leo andika. Jina la mtoto lipo au halipo?"

"Mama, nikishasema anarudi..."

"Ulishasema mara moja."

Kalamu ilibaki hewani. Mwalimu alimtazama Yonasi, na Yonasi akatazama kalenda ya mwaka uliopita. Basi akainama, akaandika, huku mdomo wake ukiyafuata maneno: Gwalugano ni mwanafunzi wa darasa la nne, atarudi darasani Jumatatu.

"Ongeza," alisema Bibi Tusekile. "Akianguka, atageuzwa ubavu, na mwalimu atakaa naye mpaka aamke."

Akaongeza. Akatia sahihi. Alikuwa tayari analifunga daftari Lusungu alipoinuka kwenye benchi, akachungulia juu ya meza.

"Hajaandika anga," alisema.

Yonasi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kweli hajaandika," alisema Bibi Tusekile, bila tabasamu. "Wala tarehe. Kwetu hiyo kazi inarudishwa."

Mwalimu Rabson alimtazama ili aone kama ni utani. Hakukuwa na utani. Akachungulia dirishani. Akaandika juu kabisa, kwenye nafasi iliyobanwa, tarehe, na baada yake: Anga, mawingu. Halafu akakwama.

"Kilichochipua sijui," alisema kwa sauti ndogo.

Gwalugano, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu waingie, alisogea mezani. "Mibuni, mwalimu," alisema. "Imetoa maua tangu jana, kwa sababu ya ile mvua ya Jumapili. Ukitoka nje utaisikia harufu."

Mwalimu akaandika: mibuni ina maua. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko wa Gwalugano, na watu wengine wote wanne waliokuwa mle ndani waliona.

Bibi Tusekile alipuliza wino ukauke, akalitia daftari kwenye mfuko, akaukunja mdomo wa mfuko mara mbili. Hakusema asante. Hakuona cha kushukuru katika kurudishiwa kilicho chake.

"Jumatatu nitawaleta mwenyewe," alisema akiwa mlangoni. "Nitakaa kwenye lile jiwe nje ya darasa la nne mpaka mtoke. Wiki nzima. Usidhani ni kwa sababu sikuamini, mwalimu." Akafikiri kidogo. "Ndiyo. Ni kwa sababu hiyo."